Kubuni Onyesho Shirikishi la Kidijitali Kuhusu Afya: Mfano wa Surua na Kinga ya Jamii

Utangulizi

Mgeni anayeingia katika makumbusho ya sayansi hana mtihani unaomngoja wala mwalimu wa kumzuia asiondoke. Husimama mbele ya onyesho kwa hiari yake, na likimchosha huenda zake. Mtafiti wa Marekani Beverly Serrell, aliyekusanya vipimo kutoka katika maonyesho zaidi ya 100 katika miaka ya 1990, alibaini kwamba kwa kawaida wageni hutumia chini ya dakika 20 katika ukumbi mzima wa maonyesho, na kwamba sehemu kubwa ya vilivyomo huvipita bila kusimama. Mhudumu wa afya anaifahamu hali hii. Naye hupewa dakika chache za kumweleza mzazi jambo zito, na mzazi huyo akishatoka mlangoni, kilichobaki ni kile alichokielewa tu, si kile alichoambiwa.

Katika onyesho la afya, kutoeleweka kuna gharama yake. Mtu akiondoka na picha isiyo sahihi kuhusu mwendo wa sayari, maisha yake hayabadiliki. Akiondoka akiamini kwamba mtoto wake hahitaji chanjo kwa kuwa watoto wa jirani wamechanjwa, mtoto anaweza kufa. Kwa sababu hiyo, ubunifu wa maonyesho ya afya haufai kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao, na mtaalamu wa afya anayealikwa kushiriki anapaswa kuzijua kanuni zake.

Baada ya kusoma makala hii, msomaji ataweza: (a) kueleza ni mada zipi za afya zinazofaa kuonyeshwa kwa kompyuta, (b) kufuata hatua za kubuni onyesho moja shirikishi tangu wazo hadi tathmini, (c) kutambua tafsiri potofu zinazoweza kuzalishwa na onyesho lenyewe, na (d) kuorodhesha tahadhari za kimaadili na za uendeshaji.

Historia fupi ya makumbusho ya kugusa

Kwa muda mrefu makumbusho yalikuwa mahali pa kutazama kwa macho, mikono ikiwa nyuma. Mwanzoni mwa karne ya 20 mambo yalianza kubadilika. Deutsches Museum ya Munich, iliyoasisiwa mwaka 1903 na mhandisi Oskar von Miller na kuhamia katika jengo lake mwaka 1925, iliwaruhusu wageni kubonyeza vitufe na kuzungusha mikono ya mashine ili waone zinavyofanya kazi.

Upande wa afya, mji wa Dresden uliandaa mwaka 1911 maonyesho ya kimataifa ya usafi na afya yaliyotembelewa na watu zaidi ya milioni tano. Kutokana nayo ilizaliwa Deutsches Hygiene-Museum, ambayo mwaka 1930 ilionyesha sanamu ya mwanadamu mwenye ngozi angavu, viungo vyake vya ndani vikiwashwa taa kimoja baada ya kingine. Mamilioni ya watu waliuona mwili kwa namna ambayo hapo awali ilikuwa haki ya madaktari tu. Hata hivyo, baada ya mwaka 1933 taasisi hiyo hiyo ilitumiwa na utawala wa Kinazi kueneza itikadi ya usafi wa rangi. Ustadi wa kuonyesha ulikuwa ule ule, ila ujumbe ulikuwa umeharibika. Hivyo basi, mvuto wa onyesho si ushahidi wa ukweli wake, na kila anayeshiriki kulijenga anabeba dhamana ya kile linachosema.

Nchini Marekani, Franklin Institute ya Philadelphia ilifungua mwaka 1954 moyo mkubwa ambao wageni hupita ndani yake wakifuata njia ya damu. Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer alianzisha Exploratorium mjini San Francisco, ambako karakana ya kutengeneza maonyesho iliwekwa mahali ambapo wageni wangeweza kuwaona mafundi wakifanya kazi, na mafundi kuwaona wageni wakihangaika na vitu walivyovitengeneza. Mwaka 2009, Museum of Science and Industry ya Chicago iliweka moyo wa kidijitali wenye urefu wa takriban mita nne, ambao hudunda kwa kufuata mapigo ya mgeni anayeshika kihisi. Katika mifano yote hii, maarifa yalipelekwa karibu na mwili wa mgeni mwenyewe.

Ni lini kompyuta inahitajika?

Swali la kwanza la mbunifu ni iwapo jambo lenyewe haliwezi kuonyeshwa kwa kitu halisi. Ikiwa lengo ni kueleza namna valvu ya moyo inavyozuia damu kurudi nyuma, valvu ya mpira na pampu ya maji ya rangi hufundisha vizuri kuliko picha ya skrini, kwa kuwa mkono wa mgeni huhisi ukinzani. Kuchora kwenye skrini kitu ambacho kingeweza kushikwa ni kumnyima mgeni sehemu ya maarifa.

Kompyuta inastahili nafasi yake pale jambo linapokuwa dogo mno au kubwa mno kwa macho, linapochukua muda mrefu kutokea, linapokuwa la hatari, au linapotegemea watu wengi kwa pamoja. Kuenea kwa ugonjwa wa kuambukiza kunatimiza masharti haya yote. Hakuna anayeweza kukiona kirusi kikitoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine, na hakuna mwenye haki ya kuanzisha mlipuko ili wageni wajifunze. Kwa hiyo surua na kinga ya jamii ni mada inayofaa kuwa mfano wa somo hili.

Msingi wa kitabibu

Surua ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kubwa kuliko yote. Kirusi chake husafiri hewani na kinaweza kubaki katika hewa ya chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Mgonjwa huambukiza tangu siku nne kabla ya upele kuonekana hadi siku nne baada yake. Yaani huanza kuwaambukiza wengine kabla hajajulikana kuwa ana surua. Katika jamii isiyo na kinga yoyote, inakadiriwa kwamba mgonjwa mmoja huwaambukiza watu 12 hadi 18. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 surua iliua watu wapatao 107,500, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano ambao hawakuchanjwa au hawakukamilisha chanjo.

Hesabu iliyo nyuma ya kinga ya jamii ni nyepesi. Tuseme mgonjwa mmoja angewaambukiza watu 15 endapo hakuna mwenye kinga. Kama asilimia 80 ya watu wana kinga, kati ya hao 15 ni watatu tu wanaoweza kuugua, na mlipuko huendelea kwa sababu mmoja huzaa watatu. Kinga ikifika asilimia 90, mmoja huzaa wastani wa mmoja na nusu. Mlipuko hupungua kasi lakini bado hukua. Ikifika asilimia 95, wastani hushuka hadi robo tatu ya mtu: kila kizazi cha wagonjwa huwa kidogo kuliko kilichotangulia, na ugonjwa huzimika. Ndiyo maana wataalamu wa afya hulenga angalau asilimia 95 ya watoto wapate dozi mbili. Nchini Tanzania dozi hizo hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18.

Wazo moja tu ndilo linalopaswa kumfikia mgeni: kipo kizingiti ambacho kinga ya jamii ikikivuka, ugonjwa hukosa njia, na walio nyuma ya kizingiti hicho ni pamoja na wale wasioweza kujikinga wenyewe. Mbunifu anayeshindwa kuandika wazo lake katika sentensi moja ya namna hii hajawa tayari kujenga.

Kijiji cha watu 400

Onyesho linalopendekezwa ni meza yenye skrini ya kugusa, inayoonyesha kijiji cha nukta 400, kila nukta ikiwa mtu mmoja. Nukta kumi zina umbo tofauti na ni ndogo zaidi: hao ni watoto wachanga ambao hawajafikisha miezi 9, ambao kwa kawaida bado hawajachanjwa. Chini ya kijiji pana alama moja ya kusogeza kwa kidole, inayopanga asilimia ya watu wenye kinga, na kitufe kimoja kilichoandikwa: “Mgeni mwenye surua anaingia.” Kikibonyezwa, nukta moja huanza kuugua na ugonjwa husambaa.

Muda unahitaji kupimwa kwa makini. Iwapo sekunde moja ya onyesho ni sawa na siku mbili, mlipuko wa wiki nane huisha kwa sekunde 28. Muda huo unamtosha mgeni kuona mtiririko wa matukio, na haumlazimu kungoja kiasi cha kukata tamaa. Mgeni asipogusa chochote kwa dakika moja na nusu, kijiji kinarudi katika hali ya mwanzo, ili anayefuata asirithi mchezo ulioachwa katikati.

Asilimia 95 ya watu 400 ni watu 380. Wanaobaki bila kinga ni 20, na kumi kati yao ni wale wachanga. Hesabu hii ndogo inastahili kuonekana waziwazi kwenye skrini, kwa kuwa inaonyesha jinsi nafasi ya uzembe ilivyo finyu: watu wazima na watoto wakubwa kumi tu wakikosa kinga, kijiji kimeshafika ukingoni mwa kizingiti.

Makosa matano ya kuepuka

Mwaka 2004, Sue Allen na Joshua Gutwill wa Exploratorium walichapisha uchambuzi wa makosa matano yanayojitokeza mara kwa mara katika maonyesho yenye sehemu nyingi za kuchezea. Kila moja linaweza kupimwa katika kijiji hiki.

Kosa la kwanza ni kumpa mgeni machaguo mengi yenye uzito sawa. Mtaalamu hutamani kuweka alama za kupanga msongamano wa nyumba, idadi ya dozi, umri na uwezo wa kirusi kuambukiza. Mgeni akiona alama tano hugusa zote ovyo, na hajui ni ipi iliyoleta matokeo. Alama ibaki moja.

La pili ni watumiaji wengi kuvurugana. Watoto watatu wakiizunguka meza, mmoja husogeza, mwingine hubonyeza na wa tatu hufuta. Suluhisho linalofaa ni kuweka vijiji viwili vinavyotazamana, kila kimoja na alama yake na kitufe chake. Hapo ushindani hugeuka mlinganisho: “Mbona chako kimepona?” Swali hilo, likitoka kinywani mwa mtoto, lina thamani kuliko maandishi ya ukutani.

La tatu ni mgeni mmoja kuharibu jambo analolitazama. Akiweza kusogeza kinga kutoka asilimia 40 hadi 95 wakati mlipuko umeshaanza, ataona ugonjwa ukikoma papo hapo na kuhitimisha kwamba chanjo inaweza kusubiri hadi ugonjwa ufike. Kwa kweli mwili unahitaji muda wa kujenga kinga. Kwa hiyo alama ifungwe mara tu mlipuko unapoanza.

La nne ni vitendo kulifanya jambo kuu lisipatikane. Mgeni anaweza kucheza mara sita bila kugundua kizingiti, kwa sababu kila jaribio linafuta lililopita. Tiba yake ni kuacha kumbukumbu: kila mlipuko ukiisha, nguzo ndogo ibaki chini ya skrini ikionyesha waliougua katika kiwango kile cha kinga. Baada ya majaribio manne au matano, nguzo zenyewe huchora umbo la kizingiti, na mgeni huligundua bila kuambiwa.

La tano ni mapambo kufunika kiini. Muziki, kuchagua jina la kijiji au kuvalisha nukta mavazi hufurahisha, lakini mgeni akiulizwa alichojifunza atataja mavazi. Kisichosaidia wazo kuu kiondolewe, hata kama fundi amekitumia wiki nzima.

Tafsiri potofu zinazozaliwa na onyesho lenyewe

Sehemu hii ndiyo inayomhitaji mtaalamu wa afya kuliko nyingine zote, kwa kuwa programu inaweza kufanya kazi bila dosari na bado ikafundisha uongo.

Tafsiri potofu ya kwanza hutokana na furaha ya kuharibu. Watoto wengi watasogeza alama hadi sifuri ili waone kijiji kizima kikibadilika rangi. Kuwazuia si lazima, kwani jaribio hilo nalo lina somo. Linalopaswa kuepukwa ni kulipa tukio hilo mlio wa ushindi, alama za mchezo au miale ya rangi. Mlipuko mkubwa uishe kwa ukimya, na maneno yaseme waliougua ni wangapi na wachanga walioambukizwa ni wangapi.

Ya pili hutokea katikati ya kipimo. Kati ya asilimia 50 na 80 kijiji bado hupata mlipuko mkubwa, na karibu kila asiye na kinga huugua. Mgeni aliyejaribu viwango hivyo viwili tu anaweza kusema: “Chanjo haisaidii kitu.” Ili kuzuia hukumu hiyo, wenye kinga wasigeuzwe kuwa mandharinyuma ya kijivu. Wabaki wakionekana, na mwisho wa kila jaribio skrini itaje waliobaki salama kwa sababu ya kinga yao wenyewe. Kwa asilimia 80, hao ni watu 320.

Ya tatu ni ya hatari zaidi, na huwapata watu wenye akili ya hesabu. Mzazi anayeona kwamba asilimia 95 inatosha anaweza kufikiri kwamba mtoto wake awe mmoja wa wale watano katika mia. Hoja hiyo haikanushwi kwa kukemea. Inajibiwa na muundo: nafasi za wasio na kinga zimeshachukuliwa kwa sehemu kubwa na wachanga, na pia na wagonjwa ambao miili yao haiwezi kupokea chanjo. Aidha, hata dozi mbili haziwakingi wote. Kwa makadirio ya kawaida huwakinga watu wapatao 97 katika kila 100. Mgeni akiruhusiwa kugusa nukta moja na kusoma, “Huyu ana miezi mitano. Tarehe yake ya chanjo ni baada ya miezi minne,” anaelewa kwamba nafasi anayotaka kuichukua ina mwenyewe.

Ya nne ni kuuamini wastani. Wilaya inaweza kufikisha asilimia 95 kwa ujumla ilhali mtaa mmoja umebaki nyuma kabisa. Kwa wageni wanaotaka kuendelea, hatua ya pili ya onyesho huwakusanya wasio na kinga walewale 20 mahali pamoja badala ya kuwatawanya. Wastani haubadiliki, lakini ugonjwa ukiingia katika kundi hilo huliteketeza. Hatua hii ifichwe nyuma ya kitufe cha “Endelea” ili isimchanganye anayeanza.

Ushahidi wa kweli kando ya uigaji

Nukta za skrini hazina majina, na mgeni ana haki ya kuuliza kama mambo haya hutokea kweli. Kwa hiyo kando ya meza liwekwe bango lenye tukio moja la kihistoria. Nchi ya visiwa ya Samoa katika bahari ya Pasifiki, yenye watu wapatao 200,000, inafaa.

Mwaka 2018 watoto wachanga wawili walifariki huko baada ya chanjo kuchanganywa kimakosa na dawa ya kulegeza misuli. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro, lakini utoaji wake ulisitishwa kwa miezi kadhaa na imani ya wazazi ikaporomoka. Mwaka huo dozi ya kwanza ya surua iliwafikia takriban asilimia 31 tu ya watoto waliostahili. Mwaka 2019 surua iliingia. Watu zaidi ya 5,700 waliugua na 83 walifariki, wengi wao wakiwa watoto wadogo. Serikali ilitangaza hali ya dharura, ikafunga shule, na mwanzoni mwa Desemba ikasimamisha shughuli za umma kwa siku mbili ili timu za chanjo zipite nyumba kwa nyumba. Familia zenye watu wasiochanjwa ziliombwa kutundika kitambaa chekundu mbele ya nyumba ili timu zijue pa kusimama.

Baadhi ya washauri wangependa sehemu ya mwaka 2018 iachwe, wakihofia kwamba itawatisha wazazi. Ushauri huo haufai. Mzazi aliyesikia habari hiyo kwingineko na kuikuta imefichwa hapa atayatilia shaka na yale mengine yote. Akiikuta imesemwa wazi, pamoja na chanzo chake na matokeo ya kusitisha chanjo, ana sababu ya kuamini kwamba onyesho halimdanganyi.

Lugha na maandishi

Maandishi ya onyesho husomwa na mtu aliyesimama, mara nyingi akiwa na mtoto anayemvuta mkono. Aya moja isizidi maneno 50, na sentensi ya kwanza ieleze la kufanya. Msamiati nao unahitaji kupimwa. Kitenzi “kuchanja” humaanisha pia kupasua kuni na kukata chale, na kwa baadhi ya wazee picha ya wembe huja kabla ya ile ya sindano. Kusema “kupewa chanjo ya surua” huondoa utata. “Kinga ya jamii” inafaa kuliko tafsiri zinazolinganisha watu na kundi la mifugo. Neno “asilimia” lifuatwe na idadi kamili: “asilimia 95, yaani watu 380 kati ya 400.”

Rangi peke yake isibebe maana. Wako watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Mgonjwa aonyeshwe kwa rangi pamoja na umbo. Urefu wa meza umruhusu mtoto na anayetumia kiti cha magurudumu kuifikia skrini, na maelezo makuu yapatikane kwa sauti kwa asiyesoma.

Kujaribu kabla ya kujenga

Gharama ya kurekebisha wazo lililo kwenye karatasi ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kurekebisha programu iliyokamilika. Tathmini hufanyika kwa awamu tatu. Ya kwanza hutangulia ubunifu: wageni huulizwa wanachokijua na wanachokiamini tayari kuhusu surua. Ya pili hufanyika wakati wa ubunifu kwa kutumia mfano wa bei ndogo. Kijiji cha watu 400 kinaweza kujaribiwa juu ya ubao kwa maharage ya rangi mbili na kete, mtu mmoja akitekeleza kazi ya kompyuta. Kwa kuwatazama wageni wachache wakicheza na maharage, timu hugundua maneno yasiyoeleweka na vitendo visivyotarajiwa kabla ya shilingi moja kutumika kwa programu. Awamu ya tatu hufuata ufunguzi na hupima kama lengo limefikiwa.

Mtazamaji asimsaidie mgeni wala kumrekebisha. Aandike muda aliokaa, idadi ya majaribio, alichokigusa kwanza na maneno aliyomwambia mwenzake. Baada ya hapo swali moja linatosha: “Ukirudi nyumbani, utamweleza nini jirani yako kuhusu hili?” Jibu linalotaja rangi na vitufe tu linaonyesha burudani. Jibu linalotaja wachanga, au wengine kuwalinda wengine, linaonyesha kwamba wazo limefika. Jibu linalosema chanjo si lazima kwa kila mtu ni kengele ya hatari, na muundo urudishwe mezani hata kama wageni wote walifurahi.

Maadili na uendeshaji

Onyesho lisimwulize mgeni jina lake wala hali ya chanjo ya mtoto wake, kwa kuwa nyuma yake wamesimama watu wengine wanaosikia. Vifaa vinavyopima mwili, kama vihisi vya mapigo ya moyo, vinahitaji tahadhari zaidi: kipimo cha makumbusho si uchunguzi wa kitabibu, na mgeni anayeona namba asiyoitarajia anaweza kupata hofu bila mtu wa kumfafanulia. Maandishi yaseme hivyo, na mwelekezi ajue mahali pa kumwelekeza.

Waelekezi waandaliwe pia kumpokea mzazi aliyefiwa na mtoto kwa surua, au anayeamini kwamba mwanawe alidhurika na chanjo. Watu hao watakuja. Mwelekezi hapaswi kubishana nao mbele ya skrini. Anapaswa kusikiliza, kutohukumu, na kumtaja mhudumu wa afya anayeweza kuzungumza nao faraghani.

Kwa upande wa uendeshaji, programu ifanye kazi bila kutegemea intaneti, kompyuta ilindwe dhidi ya kukatika na kurejea ghafla kwa umeme, na mfumo ujiwashe wenyewe bila fundi. Skrini ifutwe kila siku. Bajeti ya matengenezo itengwe tangu mwanzo, kwa kuwa skrini iliyozima katikati ya ukumbi huwafundisha wageni kwamba sayansi ni kitu kilichoharibika.

Wala si lazima kungoja jengo kubwa. Jijini Tanga, STEM Park imeonyesha kwamba wanafunzi wanaweza kupata mahali pa kushika na kujaribu sayansi kwa mikono yao. Kijiji cha nukta 400 kinaweza kuwekwa katika kishikwambi na kutumiwa shuleni, au katika benchi la kusubiria la kliniki ya mama na mtoto, ambako mzazi ana muda wa kungoja na mhudumu yuko hatua chache kujibu maswali yake.

Hitimisho

Kubuni onyesho shirikishi la afya huanza kwa wazo moja lililo sahihi kitabibu, na huendelea kwa kuondoa kila kinachoweza kulipotosha. Mtaalamu wa afya ana kazi mbili katika timu: kulinda ukweli wa namba, na kutabiri namna mtu wa kawaida atakavyozielewa. Kazi ya pili haikamiliki kwa kufikiri ofisini. Hukamilika kwa kusimama pembeni ya ubao wa maharage, kuwatazama watu wakicheza, na kuyasikiliza maneno yao.

Maswali ya kujadili

1. Chagua mada moja ya afya katika eneo lako. Je, inahitaji kompyuta, au kitu halisi kingefundisha vizuri zaidi? Toa sababu.
2. Endapo mgonjwa mmoja angewaambukiza watu 12 badala ya 15, katika kijiji chenye kinga ya asilimia 90 mlipuko ungekua au ungezimika? Onyesha hesabu.
3. Andika maandishi ya maneno yasiyozidi 50 yatakayomjibu mzazi anayesema: “Watoto wa wenzangu wakichanjwa, wangu yuko salama.”
4. Taja tafsiri potofu moja ambayo makala haikuigusa na ambayo kijiji cha watu 400 kinaweza kuizalisha. Ungebadilisha nini katika muundo ili kuizuia?